Ukuta Usiofika Paani

Kiptoo alitapika kwenye godoro, akatapika mlangoni, na mama yake alipomfikisha uani hakuwa na kitu tumboni ila maji ya kijani. Khalayi, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa bombani akisugua sufuria. Aliitupa kwenye beseni akakimbia.

"Mama Kiptoo, ni nini?"

"Sijui. Nimetoka kupokea maziwa barabarani, nimerudi nimempata hivi." Jerotich alimshikilia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alishika kichwa chake mwenyewe. "Hata mimi kichwa kinanigonga tangu jana."

Khalayi aligusa shingo ya mtoto. Ilikuwa baridi na yenye jasho. Homa huwa moto. Aliliona hilo, akalipita, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kufikiri. Aliingia nyumbani kwa Jerotich kutafuta shuka ya kumfunika. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kama ilivyokuwa kawaida ya Jerotich, aliyeogopa mbu kuliko joto. Katika chumba cha kulala, pale chini palipokuwa na godoro la mtoto, palinuka kitu mfano wa kitunguu saumu, au samaki aliyeanza kuharibika. Mama huyu ameficha omena wapi, Khalayi alijiuliza. Akachukua shuka, akatoka.

Walipanda bodaboda moja hadi kliniki iliyo nyuma ya soko la Kakamega. Msichana wa mapokezi hakuinua macho mpaka alipoona pesa ya kadi. Kisha walikaa kwenye benchi, katikati ya akina mama wengine, na mtu wa koti jeupe akatoka kuwauliza mbele ya wote.

"Jana jioni mtoto alikula nini?"

"Kuku," Jerotich alisema.

"Kuku wa kununua?"

"Wa jirani. Alituletea sahani." Hakumtaja. Alimwelekezea Khalayi kidevu tu, na benchi zima likageuka.

"Sisi wote tulikula," Khalayi alisema. "Mume wangu alikula, binti yangu alikula. Tuko wazima kama mnavyoniona."

"Mama, sijasema kitu. Ninauliza tu."

Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na Khalayi aliuvuta mkoba wake, akaupakata. Lilikuwa jambo dogo, lakini Khalayi alilisikia mwilini.

Damu ilipimwa. Wadudu wa malaria hawakuonekana, lakini ilisemekana kuwa mara nyingine wanajificha. Mtoto alidungwa sindano, akapewa chupa ya dawa ya tumbo, na mama yake akaambiwa ampeleke nyumbani akalale. Nje ya kliniki Jerotich alimfunga mtoto mgongoni bila kumtazama Khalayi.

"Wewe tangulia, mama Ashley. Mimi nitapitia dukani."

Duka lilikuwa palepale mbele yao. Wangeweza kuingia pamoja.

*

Habari zilikuwa zimefika mtaani kwao Shieywe kabla yake. Kijana wa bodaboda ndiye aliyezifikisha. Ploti yao ilikuwa safu moja ya nyumba zilizoshikana, chini ya paa moja la mabati, na uani mbele yake mzee Andati, mpangaji wa upande wa pili, alikuwa akishona viatu vya watu.

"Mama Ashley, nasikia ingokho yako, huyo kuku wako, imeangusha mtoto."

"Andati, shona viatu."

"Si ninashona? Lakini Krismasi usiniletee sahani. Mimi nitakula mboga zangu."

Khalayi alipita. Ndani, mumewe Wangila alikuwa akisahihisha karatasi za wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa gredi ya nane katika shule moja mjini. Meza yake ilibanwa na kitanda cha binti yao Ashley, kilichohamishiwa sebuleni, kwa sababu chumba cha Ashley kilikuwa kimejaa mahindi. Ashley mwenyewe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

"Wananiambia nimempa mtoto sumu," Khalayi alisema. Hakuketi. "Mbele ya watu! Mtu anavuta mkoba kama mimi ni mchawi. Na ile nyumba ya Jerotich inanuka omena zilizooza, hilo hakuna anayeliona. Wanaona kuku wangu tu."

Kalamu ya Wangila ilisimama.

"Inanuka omena?"

"Omena, kitunguu saumu, sijui. Kule chumbani kwake."

"Kitunguu saumu?"

"Si ndiyo nimesema? Kwani umekuwa kiziwi?"

Wangila aliinuka polepole. Alitazama mlango wa chumba cha Ashley. Alikuwa ameuziba mwenyewe siku ya Alhamisi, kwa selotepu pembeni na matambara ya maji chini. Dirisha la chumba hicho alilifunika kwa nailoni akapigilia misumari. Kisha macho yake yakapanda juu, kwenye dari, kwenye kona ambako fundi wa stima aliwahi kung'oa ubao na hakuurudisha.

Khalayi alifuata macho yake. Akaketi.

*

Mahindi yalitoka Chekalini, kwenye shamba walilorithi. Wezi walikuwa wamekata kufuli la ghala huko, kwa hivyo Wangila aliyaleta mjini, na aliyaingiza Jumapili asubuhi wakati Rosebella, mwenye ploti, akiwa kanisani. Rosebella hakutaka nafaka kwenye nyumba zake. Alisema zinaleta panya. Mpango wa Wangila ulikuwa kuyaweka hadi msimu wa kupanda, bei ipande, Ashley apate karo ya chuo cha uuguzi. Fukusi wasingemsubiri hadi wakati huo. Alinunua kopo la vidonge vya kufukizia, akavitumbukiza kati ya magunia, akaziba, akanawa mikono.

"Uliniambia haitoki," Khalayi alisema.

"Niliziba mlango. Niliziba dirisha."

"Na juu?"

Wangila alipanda kiti sebuleni, akasukuma ubao mwingine wa dari, akaingiza kichwa na simu yenye tochi. Alikaa huko kwa muda. Khalayi alikishikilia kiti.

"Ukuta haufiki paani," alisema aliposhuka. Alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele. "Unaishia kwenye dari. Juu ni wazi, safu nzima, kama nyumba moja ndefu."

"Miaka yote tumekaa hapa."

"Sijawahi kuangalia juu."

"Na hiyo dawa inapandaje ukuta? Si ni vidonge? Nimeviona kwa macho yangu."

"Kidonge ni kigumu ukikishika mkononi. Kikikutana na unyevu, kinatoa gesi. Gesi haikai mahali ulipoiweka, Khalayi. Inakwenda kila penye nafasi. Na hii ni nzito kidogo kuliko hewa ya kawaida. Huku kwetu madirisha hukaa wazi, lakini ikiingia chumba kilichofungwa, inatulia chini."

"Chini kwenye godoro."

"Ndiyo."

"Hayo si ndiyo uliwafundisha watoto juzijuzi, ukabeba marashi ya Ashley?"

Alikuwa ameyabeba kweli. Alifungua chupa mbele ya darasa, akawaambia wainue mkono kila mmoja harufu inapomfikia, na mikono ikainuka safu kwa safu mpaka kwa wale wa nyuma kabisa. Wanafunzi walifurahi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita, alisimama dirishani akatabasamu. Siku mbili baadaye Wangila alitoka shuleni, akaja nyumbani, akafungua kopo, na haikumjia hata kidogo kwamba nyumba yake nayo ni darasa.

"Na mahindi yalikuwa makavu?" Khalayi aliuliza. Alikuwa mtoto wa mkulima, alijua la kuuliza.

"Yalikuwa makavu kiasi."

"Wangila."

"Nilitikisa kwenye chupa na chumvi. Chumvi iliganda kidogo."

"Ikiganda si ina maana yana maji?"

"Mvua haikukoma! Ningeyaanika wapi, uani mbele ya Rosebella?"

Mahindi yenye maji, na kidonge kinachosubiri maji. Khalayi hakuhitaji diploma kulielewa hilo, ingawa alikuwa nayo, ya usimamizi wa maduka.

Wangila alizunguka nyuma ya nyumba, akang'oa nailoni kwa nje, akafungua dirisha, akarudi akijifuta mikono kwenye suruali. "Sasa inatoka. Baada ya siku chache itakuwa imekwisha."

"Twende tumwambie."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Tukimwambia Jerotich, tumeambia polisi. Polisi wataambia shule. Rosebella atatutoa. Na hayo mahindi nani atayanunua yakishatajwa? Ashley ataingia chuoni na nini?" Aliteremsha sauti. "Mtoto amepata dawa. Hewa inatoka. Kile kilichokuwa kinamdhuru kinaondoka. Kunyamaza siku moja kutamdhuru nani?"

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Khalayi alikasirika. Hakukasirika. Alimwona Ashley katika sare ya uuguzi, nyeupe, na alijua ni nani angeishona. Alikuwa ameiwaza sare hiyo tangu matokeo yalipotoka. Na pale kwenye benchi alikuwa amehukumiwa kwa kosa ambalo si lake. Sehemu moja ya moyo wake ilisema hawa watu hawastahili ukweli.

Ndipo waliposikia mlango wa jirani ukifunguliwa, ukafungwa. Kupitia ukuta, nyayo za Jerotich. Kikohozi cha mtoto.

"Amemlaza," Khalayi alisema.

"Mwite. Mwambie amlete alale hapa kwetu sebuleni, dirisha liko wazi. Wewe ni jirani, utasema tu unataka kumsaidia. Mtoto atapona na hakuna mtu atakayejua."

Ulikuwa mpango mzuri. Mtu mwenye akili ndiye angeupata.

*

Khalayi aligonga. Jerotich hakufungua. Alisema akiwa ndani.

"Nani?"

"Ni mimi. Mama Kiptoo, mlete mtoto alale kwangu. Kwako kuna joto."

"Asante. Atalala kwake."

"Wewe pia unaumwa na kichwa. Nitamwangalia, upumzike."

"Nimesema asante."

"Basi fungua hata dirisha."

Kisha sauti ya Jerotich ikaja karibu na mlango, ya chini, isiyokuwa na adabu ya kila siku.

"Mama Ashley, unamtakia nini mtoto wangu? Jana ulimlisha. Leo unataka alale kwako. Kesho?"

Mzee Andati, sindano mdomoni, alisema kutoka uani, "Mama, mtu amekataa. Mwache na mtoto wake."

Sahani ya kuku ilikuwa imefunga mlango ule kuliko kitasa. Kama Khalayi angesema neno moja la kweli, ungefunguliwa. Alisimama akiutazama. Kisha akarudi kwake, akaketi kwenye kitanda cha Ashley.

"Amekataa," alimwambia mumewe.

"Ulimwambiaje?"

"Kama ulivyonituma."

Wangila alivuta karatasi za wanafunzi mbele yake, lakini hakuandika. Kikohozi kilikuja kupitia ukuta. Kikaja tena. Walikisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua, wakipima kama inaongezeka au inapungua. "Dirisha letu liko wazi," Wangila alisema. "Inapungua hata sasa." Juu yao mabati yalilia kwa joto la jua.

Kisha kikohozi kikanyamaza.

Khalayi alisubiri kirudi. Hakikurudi. Aliinuka, na Wangila alipomshika mkono aliung'oa kwa nguvu kiasi kwamba kiti kilianguka. Alitoka uani akapiga mlango wa jirani kwa kiganja.

"Jerotich! Toka! Toka na mtoto! Si kuku! Ni dawa ya mahindi, tuliweka sisi, imepita juu ya dari, iko kwenye chumba chako! Toka!"

Safu nzima ilifungua milango. Jerotich alitokea akiwa amemkumbatia mtoto, akiegemea mwimo wa mlango. Kichwa cha Kiptoo kilining'inia. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Wangila alinyoosha mikono. "Nipe, nimbebe, twende hospitali."

"Usimguse."

Ni Andati aliyembeba. Alitema sindano, akatupa kiatu cha mtu kwenye vumbi, akakimbia na mtoto hadi barabarani akipiga mbinja ya kuita bodaboda, na Jerotich akamfuata bila viatu.

*

Katika hospitali kubwa mhudumu aliyewapokea aliitwa Barnaba. Alikuwa mtu mfupi mwenye macho mekundu ya usingizi. Wangila alikuwa amechukua kopo la vidonge, akampa mkononi, akaanza kueleza.

"Ni gesi ambayo hutokea pale ambapo..."

"Mwalimu, najua ni nini." Barnaba alisoma kopo akalirudisha mezani. "Kliniki walimtibu malaria?"

"Ndiyo."

"Hii haina dawa ya kuikata. Tutamsaidia apumue, tushikilie moyo, mwili ujipiganie. Nyinyi mlijua saa ngapi?"

Wangila alitazama sakafu. "Leo."

"Leo ni ndefu," Barnaba alisema, akaenda zake.

Jioni Khalayi alipika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akaupeleka wadi ya watoto. Jerotich alikuwa ameketi kando ya kitanda, naye amewekwa sindano ya maji mkononi. Alimwangalia Khalayi akiiweka chupa kwenye kijimeza. Khalayi alipofika mlangoni, alisikia kifuniko kikifunguliwa, akageuka. Jerotich alikuwa akiumwaga uji kwenye sinki, taratibu, bila hasira, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Kisha aliisuuza chupa vizuri, akaifunga, akaitia mikononi mwa mama mwingine ampelekee mwenyewe.

Wangila alikwenda kituo cha polisi bila kuitwa. Alilala huko siku ya kwanza na siku ya pili, akaachiliwa na amri ya kurudi atakapohitajika. Shule ilimwambia akae nyumbani kwanza. Afisa wa afya ya umma alikuja na vijana, wakayatoa mahindi, wakayapeleka kwenye uwanja ulio wazi. Afisa alisema yakishapigwa na upepo vizuri yanalika bila wasiwasi. Wanunuzi walikuja, wakauliza yametoka wapi, wakaondoka. Mmoja tu alitaja bei, nayo ilikuwa ya chakula cha kuku.

"Hata kuku wenyewe nitawaonea huruma," alisema.

Rosebella aliwapa hadi mwisho wa mwezi. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akamsema Wangila mbele ya wapangaji, kwamba mtu aliyesoma na haheshimu nyumba ya mjane ni mwizi tu. Wangila alimsikiliza hadi mwisho. Angeweza kumuuliza ni nani alijenga ukuta bila kuufikisha juu. Hakumuuliza.

Ashley hakuuliza lolote kuhusu chuo. Alirudisha kitanda chake chumbani, akafua mapazia, akaanza kwenda saluni ya rafiki yake kusuka nywele za watu. Siku moja mama yake alimkuta akiikunja barua ya kuitwa chuoni, akiitia chini ya nguo.

"Mwaka ujao," Khalayi alisema.

"Sawa, Mum."

Hilo "sawa" lilimuuma kuliko kelele.

Naye Kiptoo, siku ambayo Barnaba alikuwa ameacha kumwambia mama yake "tuombe", alifungua macho akataka maziwa.

*

Kipngetich, baba yake Kiptoo, alikuwa utingo wa lori la masafa marefu. Alirudi kutoka mpakani siku mtoto alipoachiliwa. Alikuwa mtu mkubwa, na ploti nzima ilingoja kuona atakavyompiga mwalimu. Andati alikuwa amehamisha meza yake ya viatu kutoka njiani.

Kipngetich alifika uani na Jerotich, mtoto akiwa begani. Alimkabidhi mtoto kwa mama yake. Wangila alikuwa ametoka nje, akasimama, mikono chini.

"Mwalimu."

"Bwana Kipngetich."

"Wananiambia chumba sasa ni kizuri."

"Ni kizuri. Afisa amekuja mara mbili. Madirisha yamekaa wazi tangu siku hiyo, na hakuna kilichobaki kwangu."

"Afisa halalangi hapa." Kipngetich hakupaza sauti. "Mimi hewa siioni. Mke wangu haioni. Wewe ndiye unaijua. Basi ingia. Lala chini pale pale mtoto alipolala. Mimi nitafunga dirisha na mlango. Ukitoka mzima, nitajua ni kizuri."

Watu walinung'unika. Khalayi alifungua mdomo kusema kwamba huo ni upuuzi, kwamba kuna sheria, kwamba mtu hajaribiwi kama panya. Alipomtazama mumewe, alimwona tayari ameinama anavua viatu. Aliviweka kando ya mlango, kimoja kando ya kingine, kama anayeingia nyumba ya mkwe. Akaingia. Kipngetich alifunga madirisha, akatoka, akarudishia mlango, akauegemea.

Jerotich aliketi kwenye benchi lililo ukutani na mtoto mapajani. Hapakuwa na pengine pa kukaa kivulini. Khalayi aliketi ncha ya pili.

Andati alishika kiatu na hakukishona.

"Ulipokuja kunigongea," Jerotich alisema, akitazama mbele. "Ukisema nimlete kwako. Ulikuwa umejua?"

Walioujua ukweli huo ni wawili tu, na mmoja alikuwa amefungiwa ndani. Khalayi angeweza kusema alijua baadaye, palepale alipopiga kelele. Hata watu wa ploti ndivyo walivyosimuliana: mama Ashley, mara alipojua, alipiga kelele. Lilikuwa jambo zuri pekee lililobaki kusemwa juu ya nyumba yake.

"Nilikuwa nimejua."

"Ukarudi ukakaa."

"Nikarudi nikakaa."

"Ukisikia akikohoa."

"Ndiyo."

Jerotich aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei akaona ndiyo aliyoitarajia. Kiptoo aliteleza kutoka mapajani, miguu yake bado myembamba na dhaifu, akauendea mlango wa kwao akausukuma. Haukufunguka, kwa kuwa baba yake alikuwa ameuegemea.

"Nani yuko ndani?" mtoto aliuliza.

"Mwalimu," baba yake alisema.

"Anafanya nini?"

"Amelala."

"Ni mgonjwa?"

"Bado," alisema Jerotich.

Jua lilihama kutoka kwenye benchi. Ndani hapakuwa na sauti. Khalayi alijua chumba ni salama. Alikuwa ameelezwa, na aliamini. Hata hivyo alijikuta amegeuza sikio ukutani, anasikiliza, na kila sauti aliyoisubiri haikuja. Alitaka kuita jina la mumewe. Hakuthubutu kuwa wa kwanza kutaka mlango ufunguliwe.

Wangila alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha vumbi labda. Kipngetich hakusogea. Khalayi aliinuka, akasimama, mikono ikishika upepo. Kikohozi cha pili kilipokuja, Jerotich ndiye aliyefika mlangoni. Alimsukuma mumewe bega, akafungua, akaingia ndani, na wote uani wakasikia madirisha yakifunguliwa kwa kishindo, moja baada ya jingine.

"Toka, mwalimu."

Wangila alitoka akipepesa macho, shati limemganda mgongoni. Alimtafuta Kipngetich ampe jibu lake. "Hakuna kitu," alisema. "Ni kizuri. Mnaweza kukaa bila wasiwasi."

"Hatukai," Jerotich alisema kutoka mlangoni. "Gari la kubeba vitu linakuja. Tumepata nyumba kwingine tangu juzi."

Wangila alimtazama bila kuelewa. Akamtazama Kipngetich. "Basi ilikuwa ya nini?"

"Nilitaka kuona kama ungeingia," Jerotich alisema.

Akamwinua mtoto, akamwita mumewe waanze na kitanda. Wangila alibaki uani, miguu mitupu kwenye vumbi, na Khalayi akaenda kumletea viatu.